Wimbi la Pangani Lililoipa Korogwe Reli

Manundu haina bahari. Kata hii ya mji wa Korogwe iko zaidi ya kilomita sitini kutoka pwani kwa mstari ulionyooka, na maji makubwa yaliyo karibu nayo ni ya mto ambao huku juu huitwa Ruvu na ukifika chini huitwa Pangani. Sokoni kwake habari ni machungwa, mahindi na nauli ya kwenda Handeni au Lushoto, na anayetaja mawimbi pengine anazungumzia redio. Hata hivyo, sababu kubwa ya Korogwe kuwa mji wa reli, kisha mji wa mkonge, kisha mji wa njia panda, haiko Korogwe. Iko mdomoni mwa mto huo, mahali ambapo bahari huvunjikia juu ya fungu la mchanga na miamba ya nje yake. Historia tuliyozoea kusoma inasema Wajerumani walijenga reli kutoka Tanga na reli ikafika Korogwe mwaka 1902. Ni kweli, lakini inaruka swali linalotangulia: kwa nini Tanga, wakati njia kongwe ya kuingia bara kwa upande huu ilianzia Pangani? Jibu langu ni kwamba wimbi ndilo lililoamua, na liliamua hivyo kwa sababu meli zilibadilika, wala si kwa sababu lenyewe lilikuwa limebadilika.

Watu wa leo wanaosafiri dunia nzima kutafuta mawimbi ya kuteleza juu yake kwa ubao wanaelewa jambo moja ambalo manahodha wa pwani yetu walilijua kabla yao: kinacholifanya wimbi liwe hatari ni sakafu iliyo chini yake kuliko ukubwa wake. Teahupo'o, kule Tahiti, palipofanyika mashindano ya Olimpiki ya mchezo huo mwaka 2024, panaogopwa kwa sababu wimbi linatoka kwenye kilindi na kukutana ghafla na mwamba ulio karibu kabisa na uso wa maji. Halipewi nafasi ya kuchoka polepole. Pwani ya Tanzania haina mawimbi ya namna hiyo. Mengi ya mawimbi makubwa yanayozaliwa kusini mwa Bahari ya Hindi yanazuiwa na Madagaska, na yanayobaki yanakutana na visiwa na miamba yetu. Lakini ulinzi huo haukugawanywa sawa. Tanga iko nyuma ya Pemba, tena ndani ya ghuba yenye kisiwa cha Toten katikati yake. Pangani imepewa upande mbaya: ukitazama ramani utaona mdomo wa mto unaelekea mahali ambapo Pemba inaishia kwa kusini na Unguja haijaanza. Kupitia pengo hilo bahari inakuja bila kizuizi kikubwa, hasa wakati wa kusi, kati ya Aprili na Septemba, upepo unaposukuma maji wiki baada ya wiki.

Ndiyo maana jahazi lenye shehena halikuingia Pangani saa yoyote nahodha alipotaka. Tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua kwenye pwani hii huzidi mita tatu, na kwa chombo kinachozama mita mbili hiyo ndiyo tofauti ya kupita na kuvunjika. Wimbi huvunjika pale kina kinapopungua hadi kuwa kama mara moja na theluthi ya urefu wake. Kwa hiyo wimbi la mita moja na nusu, ambalo baharini wazi lingekinyanyua chombo na kukishusha bila madhara, likifika kwenye maji ya mita mbili linaanguka. Maji yakiwa yamepwa, mlango wote unaweza kuwa mstari mmoja wa povu. Maji yakijaa, mstari unakatika, na pengo linaonekana kwa anayelijua. Ubaya zaidi uko kwenye saa za kupwa: mto unatoa maji yake pamoja na yale ya bahari yaliyokuwa yameingia, mkondo huo unakutana na mawimbi yanayokuja na upepo, na mawimbi yanafupika na kusimama wima kama ukuta. Nahodha aliyechelewa kidogo alikuwa na mashauri mawili tu: kukaa nje hadi maji yarudi, au kujaribu bahati kwa mali ya watu.

Tazama kinachotokea chombo kinapovuka. Wimbi linakifikia kwa nyuma; tezi inainuka, omo inazama, na usukani, ambao kazi yake ni kushika maji, unabaki karibu hewani. Kwa sekunde chache chombo hakimsikii anayekiongoza. Kikipungua mwendo kuliko wimbi, wimbi linakipita na kukirudisha nyuma. Kikizidi, omo inachimba maji na chombo kinageuka ubavu, na wimbi linalofuata linakipindua. Salama iko katikati: kwenda sawa na wimbi, likikibeba, tanga likiwa na upepo wa kutosha kukipa nguvu lakini si wa kukishinda. Yaani nahodha wa jahazi la pembe au la sukari alikuwa akifanya, kwa tani kadhaa za mbao na mizigo, kile ambacho mchezaji wa ubao hufanya kwa kilo chache. Mmoja hufanya kwa raha, mwingine kwa riziki, lakini elimu ni ileile: kulisoma wimbi kabla halijafika, kuchagua la kuliacha na la kupanda, na kukubali kwamba ukishaanza huwezi kurudi nyuma. Wala si sadfa kwamba pwani zenye mawimbi ya kuvunjika zilipenda vyombo vya kushonwa. Mtepe wa kwetu ulishonwa kwa kamba za makumbi, na mashua za masula zilizovusha watu na bidhaa kwenye mawimbi ya Madras, India, zilishonwa vilevile. Mbao zilizoshonwa hulegea kidogo zikigonga chini, ambapo zilizopigwa misumari hupasuka.

Kwa mtazamo wa mgeni, mlango kama huo ni kasoro ya bandari. Kwa wenyeji ulikuwa mtaji. Mwenye kuujua alikuwa na kitu ambacho fedha peke yake haikununua, na hivyo biashara iliyopita hapo ilipita mikononi mwake. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa moja ya milango mikubwa ya kwenda Kilimanjaro na Umasaini. Misafara ilifuata bonde la mto, ikapita nchi ya Wazigua na maeneo ya Korogwe ya leo, milima ya Usambara ikiwa upande wa kulia, kisha ikapanda kuelekea Upareni. Wapelelezi Burton na Speke walipita upande huu mwanzoni mwa 1857, wakapanda hadi Vuga kumwona Kimweri, mtawala wa Washambaa. Miaka thelathini baadaye, mwanzoni mwa 1887, msafara wa wapelelezi Teleki na von Höhnel uliokuwa ukienda kaskazini hadi ziwa tunaloliita Turkana ulianzia Pangani, na aliyewafaa sana alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa mji huo. Kando ya mto, chini ya maporomoko, kulikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu na viwanda vya kusindika sukari. Mali hiyo yote, pembe na sukari na watumwa, ilikwenda Unguja kwa majahazi, na kila jahazi lilipaswa kupita kwenye povu lilelile.

Hapa ndipo watu wengi wanapoweka pingamizi la kwanza, na ni zuri. Kama wimbi lilikuwa baya kiasi hicho, mbona Pangani ilistawi? Wako wataalamu wanaodhani hata Rhapta, soko la mbali kabisa lililotajwa katika kitabu cha Kigiriki cha mabaharia cha karne ya kwanza, lilikuwa jirani na hapa, ingawa wengine wanaliweka Rufiji. Iwe ni Rhapta au si Rhapta, mji uliishi na wimbi hilo kwa muda mrefu, na huwezi kulilaumu wimbi kwa anguko ambalo halikulisababisha kwa mamia ya miaka. Nakubali nusu. Wimbi halikuwahi kuwa kikwazo kwa chombo kidogo chenye nahodha mwenyeji. Lilikuwa kikwazo kwa meli ya chuma, inayozama mita nne au tano, inayofuata ratiba, na inayoongozwa na mtu aliyeifahamu pwani kwa karatasi. Meli za aina hiyo zilipoanza kuwa ndizo zinazobeba biashara ya dunia, mlango uliokuwa ukiwachuja wageni ukaanza kuwachuja wateja.

Vita vya 1888 vinaonyesha jambo hilo kwa upande wa silaha. Agosti mwaka huo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilijaribu kushika utawala wa miji ya pwani iliyokodishwa na Sultani wa Unguja, na Pangani alipelekwa Emil von Zelewski, yuleyule aliyeuawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo Agosti 1891. Manowari iliyomsaidia ilitia nanga nje. Wanajeshi wake walishuka kwa mashua, wakatisha, wakaondoka. Walipoondoka, Zelewski akabaki mfungwa wa mji, na Septemba akaondolewa kwa msaada wa jeshi la Sultani. Mizinga ya meli ilifika pwani, lakini meli yenyewe haikuingia mtoni kukaa, na nguvu isiyoweza kukaa haitawali. Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani, ambaye mwenyewe alikuwa na shamba la miwa kwenye bonde hilo, aliujua mji ulivyolindwa na maji yake. Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alipoutwaa Julai 1889 alilazimika kuja na jeshi la nchi kavu lililoshushwa ufukweni. Bushiri alinyongwa palepale Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Mwaka 1891 ikaundwa kampuni ya reli ya Usambara, na Juni 1893 ujenzi ukaanza, Tanga. Reli ilifika Muheza mwaka 1896 na kusimama, kampuni ikaishiwa fedha, serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899, ikafika Korogwe 1902, kilomita 84 kutoka Tanga, Mombo 1905, na Moshi 1911. Sasa pima kwenye ramani. Kutoka Korogwe hadi Tanga kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita sabini. Kutoka Korogwe hadi Pangani ni zaidi kidogo ya sitini. Njia ya Pangani ilikuwa imeshakanyagwa na misafara vizazi kadhaa, inafuata bonde la mto, na chini yake kulikuwa na mashamba tayari. Mhandisi aliyepewa ramani ya nchi kavu tu angefikiri mara mbili kabla ya kuchagua Tanga. Mhandisi aliyepewa pia ramani ya bahari hakuwa na la kufikiri: vyuma vya reli, vichwa vya treni na saruji huja kwa meli, na huwezi kuvipitisha kimoja kimoja juu ya wimbi linalovunjika.

Wapo watakaosema reli ilifuata mashamba ya kahawa ya Usambara Mashariki, na mashamba hayo yako karibu na Tanga. Ni kweli kwa kipande cha Muheza. Lakini mashamba hayaelezi kila kitu, maana mfano mkubwa kuliko yote uko upande wa pili. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche 1,000 ambayo 62 tu ndiyo iliyobaki hai, ulipandwa kwanza Kikogwe, kusini mwa mto Pangani. Zao lililoitajirisha Tanganyika kwa zaidi ya nusu karne lilizaliwa upande wa Pangani. Kama reli ingekuwa inafuata mashamba tu, ingeufuata mkonge huko. Kilichotokea ni kinyume: mkonge ndio uliohama ukaifuata reli, ukapanda Muheza, Mnyuzi, Ngombezi, Magunga, hadi ukaizunguka Korogwe pande zote, na pamoja nao wakaja manamba kutoka kila pembe ya nchi na ng'ambo ya mipaka, ambao wajukuu zao ndio wakazi wa mji huu.

Wengine watasema Pangani iliadhibiwa kwa sababu ya Bushiri. Hoja hii inavutia kwa sababu ina uchungu wa haki ndani yake, lakini haisimami. Tanga nayo iliwafyatulia Wajerumani risasi Septemba 1888 na ikapigwa mizinga kwa ajili hiyo, lakini haikunyimwa reli. Na Bagamoyo, ambayo Wajerumani waliifanya makao yao, iliachwa mwaka 1891 kwa ajili ya Dar es Salaam, si kwa kosa lolote bali kwa sababu ufuo wake uko wazi na hauna kina, wakati Dar es Salaam ina bandari iliyojificha ndani. Reli ya Kati nayo ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905. Bagamoyo na Pangani, mji uliofanywa makao na mji wa Bushiri, yote miwili ilipata hukumu moja. Hukumu hiyo haikuwa ya kisiasa.

Pingamizi zito zaidi linatoka mbali, Ghana. Accra haikuwa na bandari ya kujificha kabisa. Meli zilisimama nje, na vijana wa pwani, ambao jamii zao zilikuwa zimezoea kuchezea mawimbi kwa mbao tangu zamani, walipiga makasia ya mashua ndefu na kuvusha kakao na bidhaa kwenye mawimbi makali, kazi iliyoendelea hadi bandari ya Tema ilipofunguliwa mwaka 1962. Na bado Accra ilipata reli, iliyofika Kumasi mwaka 1923. Kwa nini basi Pangani isingekuwa Accra? Kwa sababu Accra haikuwa na Tanga. Kakao ilikuwa nyingi, mji ulikuwa makao makuu, na hapakuwa na ghuba tulivu mwendo wa saa chache kwa meli. Pangani ilikuwa na jirani mwenye ghuba kilomita arobaini na kitu kaskazini yake. Wimbi peke yake haliui bandari. Huiua linapokuwa na mbadala.

Mtu asije akafikiri ilikuwa habari ya kina cha maji tu. Tanga yenyewe haikuwa na gati la kina kwa zaidi ya karne: meli zilitia nanga ndani ya ghuba na shehena ikashushwa kwa matishari, hadi juzi tu gati la mita 450 lilipochimbwa kufikia kina cha mita 13. Kwa hiyo bandari zote mbili zilihitaji mashua kati ya meli na nchi kavu. Tofauti ni kwamba Tanga tishari linakwenda kwenye maji yaliyotulia, na kibarua yeyote anaweza kufundishwa kazi hiyo kwa wiki chache. Pangani ingehitaji manahodha, na manahodha wale walikuwa wachache, wanajua thamani yao, na miaka michache tu nyuma baadhi yao walikuwa upande wa Bushiri. Sijaona kwamba hili linapewa uzito unaostahili na wanaoandika habari za reli. Ghuba tulivu ilimwondolea mkoloni gharama, na ilimwondolea pia haja ya kumtegemea mwenyeji mwenye ujuzi.

Kilichopotea kwa upande wa Pangani kinaonekana kwenye ramani ya leo: mji mdogo wenye boma kongwe, magofu ya viwanda vya sukari, na kivuko cha kwenda Bweni. Bahari yenyewe haijapunguza kasi. Kisiwa cha Maziwe, kilomita chache nje ya mlango, kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975 kikiwa na historia ya miti na kasa waliotaga. Miti ilipokwisha, mawimbi yaliondoa udongo, na kabla ya katikati ya miaka ya 1980 kilikuwa kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kilichopatikana upande wa Korogwe ni stesheni, karakana, maduka ya Wahindi, soko, shule, hospitali, na baadaye barabara kuu iliyofuata njia ya reli. Mwaka 1963 kipande cha Mnyuzi hadi stesheni ya Ruvu kiliunganisha reli ya Tanga na ile ya Kati, na mji ambao ulizaliwa kwa sababu ya bandari moja ukapata kuifikia nyingine. Treni ya abiria iliporejea Desemba 2019 ilitoka Dar es Salaam kwenda Moshi kwa njia hiyo na ilisimama Korogwe bila kugusa Tanga.

Barabara ya lami ya Tanga, Pangani na Bagamoyo inajengwa, pamoja na daraja la zaidi ya mita 500 juu ya mto Pangani. Malori yatapita juu ya mlango ambao majahazi yalikuwa yakiungoja kwa saa nyingi. Kabla hayajaanza, halmashauri za Pangani na Korogwe zingefanya jambo la maana kuwakalisha wavuvi wazee wa Pangani na Bweni pamoja na walimu wa historia, waandikiwe alama za mlango, saa za maji na majina ya miamba, na maandishi hayo yafike shule za Manundu pia, ambako watoto wanafundishwa mwaka wa reli na hawafundishwi kwa nini reli ilipita kwao.